Kutoka fundi hadi mkandarasi: karatasi za NCA na pale zinapokwama

Ombi la leseni ya ukandarasi hapa Kenya laweza kuharibika siku kampuni inaposajiliwa, miezi mingi kabla ya mwenyewe kufungua tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Fundi anaingia eCitizen, anajiandikisha yeye na mkewe kuwa wakurugenzi, analipa, anapata cheti. Anapofika NCA anaulizwa: kati yenu wawili, nani mwenye elimu ya ujenzi?

Sheria ya NCA, namba 41 ya 2011, inataka angalau mkurugenzi mmoja wa kampuni, au mshirika mmoja ikiwa ni biashara ya ubia, awe na ujuzi wa kiufundi unaokubalika. Huyu ndiye mkurugenzi wa kiufundi. Jina lake huangaliwa kwenye CR12, ile karatasi ya Idara ya Usajili wa Biashara inayoonyesha wakurugenzi na hisa zao. Kwa hiyo panga wakurugenzi kabla ya kusajili kampuni. Kama umeshasajili bila mtu wa aina hiyo, badilisha kwanza kule eCitizen, chukua CR12 mpya, ndipo uende NCA. CR12 ya zamani hurudishwa hata kama hakuna kilichobadilika.

Hapa ndipo jambo baya kuliko yote huingia: kukodi cheti. Kijana mwenye diploma yake anapewa pesa kidogo, jina linawekwa kwenye CR12, kisha hasikiki tena. Watu wengi huliona kama ujanja mdogo wa kawaida, nami nasema ni hatari kwa pande zote mbili. Yule kijana amekuwa mkurugenzi kamili mbele ya sheria. Slabu ikianguka, jina linalotafutwa ni lake. Na wewe mwenye kampuni umebaki na leseni inayokufa siku atakapojiuzulu, labda katikati ya kazi. Ukimhitaji mtu mwenye cheti, mpe hisa za kweli na kazi ya kweli. La sivyo, tafuta cheti chako mwenyewe.

Cheti chako hakiko mbali jinsi mafundi wengi wanavyodhani. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, hufanya mitihani ya ufundi mara kadhaa kwa mwaka: uashi, useremala, bomba, rangi, uchomeleaji na kadhalika. Ngazi ni tatu, na hesabu inakwenda kinyume: unaanza na Gredi ya 3, unapanda hadi ya 1. Sehemu kubwa ya mtihani ni vitendo. Fundi wa mawe aliyejenga miaka kumi hushindwa si kwa sababu hajui kupandisha ukuta, bali kwa sababu hajazoea kusoma mchoro na kufuata vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani. Wiki mbili za kusoma ramani na kukokotoa mawe na saruji zinatosha kuziba pengo hilo. Sheria hiyohiyo ya NCA inataka mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo nao waidhinishwe, kwa hiyo kitambulisho cha NCA cha fundi kina faida hata kwa asiyetaka kampuni. Kwa kadiri unavyopanda daraja la ukandarasi ndivyo elimu inayotakiwa inavyopanda, kutoka vyeti vya ufundi hadi diploma na digrii.

Sasa madaraja yenyewe. Yako manane, na kinachoyatenganisha ni thamani ya juu kabisa ya mkataba mmoja unaoruhusiwa kuusaini. Kwa kazi za majengo, NCA8 ni hadi shilingi milioni 10, NCA7 milioni 20, NCA6 milioni 50, NCA5 milioni 100, NCA4 milioni 200, NCA3 milioni 300, NCA2 milioni 500, na NCA1 haina kikomo. Kazi za barabara zina viwango vya juu zaidi: NCA8 ya barabara inafika milioni 20. Kazi maalumu kama umeme na mitambo viwango vyake ni vya chini, NCA8 ikiishia milioni 5. Usajili ni wa aina ya kazi. Kampuni yenye NCA6 ya majengo haijapata ruhusa ya kuchonga barabara, hata ya milioni mbili. Ukitaka zote mbili, omba zote mbili, na ujuzi wa mkurugenzi wa kiufundi ulingane na kila moja. Mwenye diploma ya umeme hawezi kuibeba kampuni kwenye majengo.

Usiombe daraja kubwa kwa tamaa. Mamlaka huangalia mambo manne pamoja: elimu ya mkurugenzi wa kiufundi, kazi ulizokwisha kufanya, uwezo wa kifedha, na vifaa. Kampuni changa isiyo na mikataba iliyokamilika ina nguvu kwenye jambo moja tu kati ya hayo, kwa hiyo mahali pake ni chini. NCA8 si aibu. Darasa la shule, choo cha wanafunzi, ukarabati wa zahanati, ukuta wa soko: kazi hizi zinaingia ndani ya milioni 10, na ndizo zitakazokupa barua za ukamilishaji za kukupandisha. Kila kazi ikiisha, dai mkataba uliosainiwa, vyeti vya malipo na barua ya ukamilishaji siku hiyohiyo. Baada ya miaka miwili yule ofisa wa kaunti atakuwa amehamishwa.

Kuhusu makaratasi mengine nitakuwa mfupi: cheti cha usajili wa kampuni, PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, na cheti cha uzingativu wa kodi, taarifa za benki, vyeti vya masomo, na ushahidi wa vifaa (kitabu cha gari, risiti, au mkataba wa kukodi). Kinachochelewesha zaidi ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, na moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Tengeneza hati ya kiapo mapema. Maombi yote yanafanywa mtandaoni, na hakuna sababu ya kumlipa mtu anayesema anajua mtu ndani. Leseni bandia hugundulika kwa dakika moja, kwa kuwa mteja yeyote anaweza kutafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya NCA.

Leseni ya kila mwaka huisha tarehe 30 Juni. Kuihuisha kunadai uwe umehudhuria mafunzo endelevu ya wakandarasi, na mwezi wa Juni si wakati wa kuanza kuyatafuta. Zabuni nyingi za serikali hutangazwa mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, na leseni iliyokufa hukutoa kwenye hatua ya kwanza ya ukaguzi.

Fundi wa umeme ana mlango mwingine. Kabla ya NCA anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na bila hiyo cheti chake cha kumaliza kufunga nyaya hakikubaliki Kenya Power, kwa hiyo nyumba haitaunganishwa.

Leseni ya kampuni pia haitoshi kuanza mjengo. Mradi wenyewe husajiliwa NCA, kwa michoro ya usanifu na ya muundo iliyopitishwa na kaunti, kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), mkataba kati ya mwenye ploti na mkandarasi, na vyeti vya wataalamu waliochora. Idara ya usalama kazini, DOSH, nayo inataka eneo lisajiliwe, na watu wa mkono wawe na bima ya WIBA, ya fidia ya kuumia kazini. Mwenye ploti akikuambia uanze msingi huku karatasi zikifuata, kataa. Notisi ya kusimamisha kazi ikibandikwa, mafundi bado watataka mishahara ya siku hizo.

Mwisho ni pesa, maana leseni hukufungulia kazi ambazo hulipwa polepole. Chukua mkataba wa milioni 9. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kwa mteja kwamba utaimaliza kazi, inaweza kufika asilimia 10, yaani 900,000, na benki itataka pesa hizo ziwekwe au mali ishikwe. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa AGPO, mpango uliovitengea asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, hujaza fomu ya tamko badala ya dhamana ya zabuni (ile inayotolewa wakati wa kuomba kazi), nafuu inayofaa kutumiwa.

Ukiidhinishiwa cheti cha malipo cha milioni 2, ondoa asilimia 10 ambazo mteja hushikilia kwa ajili ya kasoro: zinabaki milioni 1.8. Kwa kuwa mkataba unapita milioni 5 kwa mwaka, umelazimika kusajiliwa VAT, hivyo unaongeza asilimia 16, yaani 288,000. Mteja wa serikali atakata kodi ya zuio ya asilimia 3, ambayo ni 54,000, na VAT ya zuio ya asilimia 2, ambayo ni 36,000. Benki yako itapokea 1,998,000, lakini 252,000 ndani yake ni za KRA hadi uonyeshe VAT uliyolipa kwenye saruji na vyuma. Ile 54,000 huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi cheti chake kionekane iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Mchanga na kokoto za lori lisilotoa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki inayofika KRA, hazitahesabiwa popote, hata kama ulilipa taslimu mbele ya mashahidi, kwa hiyo mtafute muuzaji mwenye eTIMS wakati unapanga bei ya zabuni.