Sambusa za Friza na Rangi Isiyokuja

Katika wiki ya mwisho ya Shaaban mwaka jana, mimi na mdogo wangu tulikaa jikoni tangu asubuhi hadi baada ya alasiri tukikunja sambusa za nyama, na tulipozihesabu zilikuwa 210. Tulizipitisha kwenye mafuta kwa muda mfupi tu, tukazitoa zikiwa zimeanza kuwa na rangi ya manjano, tukazipoza na kuzigandisha kwenye friza. Nilikuwa na hesabu yangu kwamba nikirudi kutoka kazini, zikiwa zimebaki dakika 40 kabla ya adhana ya magharibi, nitazipasha moto kwenye maikrowevu na kujiepusha na karai la mafuta katika joto la Dar es Salaam. Hesabu ilikuwa nzuri, ila sikuwa nimeijaribu.

Siku ya kwanza ya mfungo nilipanga sambusa 12 kwenye sahani bapa, nikaweka nguvu yote kwa dakika 5. Zilipotoka, manda zilikuwa zimelegea kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Zile za pembezoni zilikuwa na ncha zilizokauka na kuwa ngumu kiasi cha kushinda meno, na ya katikati, nilipoipasua, nyama yake bado ilikuwa na punje za barafu. Baba mkwe, ambaye si mtu wa kulalamikia chakula, aliigeuza yake mara mbili mkononi kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hizi leo umezichemsha?"

Nilikasirika, lakini baadaye nilikiri kwamba neno alilolitumia lilikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimezichemsha, na tena nilikuwa nimezichemsha vibaya, kwa sababu nilidhani kwamba maikrowevu ni oveni ndogo yenye haraka. Oveni hupasha hewa na kuta zake, na joto huingia kwenye chakula likitokea nje kwenda ndani. Maikrowevu haina joto la namna hiyo. Ndani yake mna magnetroni, chombo kilichotumika kwenye rada za Vita Kuu ya Pili, kinachotoa mawimbi ya megahezi 2,450, na mawimbi hayo hupita kwenye hewa, kwenye kioo na kwenye sahani ya udongo bila kuvijali. Kinachoyanyonya kwa nguvu ni maji. Molekuli ya maji ina upande wa chaji hasi na upande wa chaji chanya, kwa hiyo hulazimika kugeukageuka kila mawimbi yanapobadili mwelekeo, mabilioni ya mara kwa sekunde, na katika msuguano huo joto huzaliwa humo humo ndani ya chakula.

Tatizo la chakula kilichoganda linaanzia hapo, maana katika barafu molekuli hizo zimefungwa mahali pake kwenye fuwele na haziwezi kugeuka. Barafu huyaachia mawimbi haya yapite karibu kama inavyofanya sahani. Asiyeamini anaweza kufanya nilivyofanya mimi: nilitoa kipande cha barafu frizani, nikakifuta vizuri kwa tishu kisibakie na unyevu juu, nikakiweka kwenye kisosi kikavu pembeni mwa glasi ya maji, nikawasha kwa dakika moja. Maji yalitoka yakiwa ya moto wa kuogea, na barafu ilikuwa bado na kona zake.

Sasa mtu afikirie sambusa. Zote zimeganda, lakini ncha moja nyembamba inayeyuka kabla ya nyingine, pengine kwa sababu ilianza kuyeyuka nilipoishika kwa vidole. Mara maji yanapopatikana pale, ncha hiyo inaanza kunyonya mawimbi mengi kuliko majirani zake, inapata moto zaidi, inayeyusha zaidi, na mwisho inachemka na kukauka wakati sehemu iliyo sentimita 3 tu kutoka pale bado ni jiwe. Kuongeza nguvu hakusaidii chochote, kunakuza tofauti tu. Isitoshe, kuyeyuka kwenyewe kuna gharama kubwa kuliko tunavyodhani: joto linalohitajika kuigeuza gramu moja ya barafu kuwa maji, bila kuongeza hata nyuzi moja, linatosha kuyapasha maji hayo hayo kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80.

Kwa hiyo kile kitufe cha nguvu ndogo, ambacho kwangu kilikaa miaka minne bila kuguswa, ndicho kitufe chenyewe. Katika tanuri nyingi za maikrowevu za majumbani, asilimia 30 haimaanishi mawimbi dhaifu. Maana yake ni kwamba magnetroni huwaka kwa sekunde kadhaa na kuzima kwa sekunde nyingi zaidi, na ukisikiliza vizuri utausikia mngurumo ukija na kuondoka. Katika zile sekunde za ukimya, joto la ncha iliyoyeyuka hupata nafasi ya kusambaa kwenda kwa jirani aliyeganda. Ninapozipanga sambusa kwa duara na kuacha katikati ya sahani patupu, matokeo huwa mazuri zaidi, kwa kuwa sahani hata ikizunguka, kitovu chake hakihami. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 12 hivi, na yanapogongana na kuta huacha madoa ya moto na madoa ya baridi yasiyohama. Kitu kilichokaa kitovuni kikiangukia doa baridi, kinabaki nalo mpaka kengele ilie.

Hilo lilimaliza suala la barafu, na kuanzia siku ya nne ya mfungo sambusa zangu zilikuwa za moto hadi ndani. Rangi haikuja. Zilikuwa zimepauka na kulowana, na hapa nilipaswa kujifunza kitu kingine kabisa.

Rangi ya kahawia tunayoipenda kwenye sambusa, kwenye ganda la mkate na kwenye ukoko wa wali wa nazi hutokana hasa na mwitikio wa kikemia kati ya protini na sukari, ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mwitikio huo huenda polepole sana mpaka uso wa chakula ufike kwenye nyuzi 140 hivi, na chakula chenye maji hakifiki huko, kwa sababu maji yakifika nyuzi 100 hutumia joto lote linaloletwa kugeuka mvuke. Ni lazima uso ukauke kwanza. Ndani ya karai lenye mafuta ya nyuzi 180 uso hukauka haraka, na mapovu tunayoyaona ni huo mvuke unaofukuzwa. Ndani ya maikrowevu mambo ni kinyume. Hewa iliyoizunguka sambusa haina moto, nyama iliyo ndani inachemka na kutoa mvuke, mvuke unapita kwenye manda, unakutana na uso uliopoa kuliko ndani, na unatulia pale pale ukiwa maji. Nilikuwa nikizifukiza kwa mvuke wake zenyewe.

Nilipomweleza mama yangu kwa simu, hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza kama nimesahau mkate wa kumimina. Kwetu Tanga mkate huo wa unga wa mchele na tui hupikwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na chini huiva wenyewe, lakini uso wa juu hubaki mweupe mpaka upalie makaa juu ya mfuniko. Kila aliyewahi kuupika anajua kwamba moto wa chini huivisha na moto wa juu hutia rangi, na kwamba hizo ni kazi mbili zenye wakati wake. Mimi nilikuwa nimenunua chombo kisicho na moto wa juu wala wa chini, halafu nikakidai kazi zote mbili.

Waliotengeneza vyakula vya kupasha katika nchi za Ulaya na Marekani walikutana na ugumu huu mapema, na jibu lao lilikuwa la kijanja: kama chakula hakiwezi kujitia rangi, weka chini yake kitu kinachonyonya mawimbi bila kuwa na maji. Mfuko wa bisi za maikrowevu unao mfano wake. Ukiupapasa upande mmoja utakuta sehemu ngumu yenye rangi ya kijivu, na hiyo ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba kiasi cha mara elfu moja kuliko foili ya jikoni, ikagandishwa kwenye karatasi. Foili nzima huyarudisha mawimbi na kutoa cheche. Utando huu, kwa wembamba wake, hupitisha umeme kwa shida na hivyo kupata moto, ukapita nyuzi 200 kwa muda mfupi. Baadhi ya piza za kugandishwa huuzwa zikiwa zimekalia duara la karatasi hiyo hiyo. Niliwahi kukata kipande kwenye mfuko uliokwisha kutumika nikatandika sambusa juu yake, lakini sikupata kitu, na baadaye nikaelewa kuwa utando ule hupasukapasuka ukishapata moto, na ukipasuka nguvu yake hupungua. Umetengenezwa kwa kazi ya mara moja.

Cha kudumu ni sahani ya kutia rangi, na yangu niliipata kwa wifi yangu anayeishi Maskati, ambaye alikuwa nayo kabatini bila kujua ni ya nini. Kwa kuitazama ni sahani nzito ya kioo cheupe yenye miguu mifupi, na chini yake imepakwa oksidi ya bati, ambayo hunyonya mawimbi. Huingizwa ikiwa tupu, kwa nguvu yote, kwa dakika 4 hivi, na hapo ndipo inapokuwa kikaango. Zipo pia zenye chembe za feraiti, aina ya kauri yenye oksidi ya chuma, chini ya bamba la chuma, ambazo zina sifa ya kupunguza unyonyaji zikifika joto fulani, lakini hizo sijazitumia. Miguu ile mifupi nayo ina sababu yake. Siku ya kwanza niliitua sahani juu ya meza kwa pembeni, upande mmoja ukagusa kitambaa cha meza cha plastiki, na alama ya hilali iliyobaki pale mpaka leo naifunika kwa bakuli la matunda.

Utaratibu wangu sasa uko hivi. Ninatoa sambusa 8, si 12, na kuzikung'uta theluji yote iliyoshika juu, kwa maana theluji hiyo ni maji yanayongoja kulowesha manda. Ninazipanga kwa duara juu ya tishu, asilimia 30 ya nguvu kwa dakika 6, kisha nguvu yote kwa dakika moja na nusu, bila kuzifunika. Halafu ninazitoa zipumzike, joto lisambae, na wakati zinapumzika sahani ile inaingia tupu na kupata moto. Ninaipaka mafuta kidogo kwa brashi, ninazilaza sambusa na kuzisikiliza: zikilia chaa zinapogusa, zitapata rangi, na zikikaa kimya, sahani haijawa tayari. Dakika moja upande wa kwanza, ninageuza, dakika moja nyingine. Kabla ya kuandaa napasua moja kuhakikisha nyama inafuka moshi katikati, na nikiwa na shaka nachomeka kipimajoto cha nyama, nikitaka kuona nyuzi 74 au zaidi, kwa kuwa nyama ya kusaga si ya kubahatisha. Kwa tanuri yangu ya wati 700, kazi yote haimalizi hata robo ya uniti ya umeme wa LUKU.

Ambaye hana sahani hiyo hajakosa kitu. Kikaango cha chuma kwenye jiko la gesi, kikiwashwa wakati sambusa zinapumzika, hufanya kazi ile ile, na kusema kweli huifanya vizuri zaidi, kwa sababu moto wake haupoi unapogeuza upande wa pili. Sahani ninaitumia siku ambazo sitaki kusimama jikoni. Wengi wameniuliza kuhusu majiko ya kukaanga kwa hewa, na ninakubali kwamba yanakausha uso vizuri kuliko vyote, lakini sambusa nene ikiingia imeganda, manda hukolea kabla ya nyama kupata moto, kwa hiyo hata huko ningeanza na zile dakika 6 za asilimia 30.

Si kila chakula kinahitaji usumbufu huu. Pilau haidai rangi, inadai kijiko cha maji na mfuniko. Chapati tayari ina madoadoa yake tangu kwenye chuma, na sekunde 30 ndani ya kitambaa chenye unyevu zinairudishia ulaini, ingawa ni lazima iliwe papo hapo, kwani ikipoa wanga wake hukaza na inavutika kama ngozi. Samaki wa kukaanga nimeacha kabisa kumjaribu, baada ya ngozi yake kulipuka na kupaka dari yote ya tanuri.

Katika sambusa kuna sehemu moja ambayo bado inanishinda, nayo ni ule mkunjo wa tatu, unaobaki umesimama kwa kuwa sambusa ina nyuso mbili tu za kulalia. Haugusi sahani kwa upande wowote, na hutoka mweupe, wakati mwingine ukiwa na unyevu. Shaaban hii nitajaribu kuzijaza nyama kidogo zaidi ya nusu ya nilivyozoea na kuzibana kwa kiganja kabla ya kuzigandisha, ziwe bapa. Mdogo wangu ameshaanza kulalamika kwamba hizo hazitakuwa sambusa, zitakuwa bahasha.