Meza ya Mzee: wiki ya sita

Wiki sita zimepita tangu tuitoe meza ya Mzee sebuleni kwake Bombo, Uganda, na kuileta kwenye karakana yangu. Nilisema nitaandika kila hatua, lakini wiki mbili za mwanzo sikushika hata patasi. Niliizunguka tu na kuipapasa.

Kwa asiyeijua: aliitengeneza 1992 kwa mvule, meza ya watu sita. Alikuwa askari, na miaka ile ukimwi ulikuwa ukiwamaliza wenzake kambini, wao na wake zao, watoto wanabaki. Yeye na Mama wakachukua wawili, kisha watatu zaidi. Mimi nilikuwa wa tano, mwenye miaka saba na mfuko mmoja wa nguo. Siku niliyofika hakuzungumza sana. Asubuhi yake niliamka nikamkuta anapima meza kwa kamba. Akairefusha kwa kipande cha mahogani. Mwaka 1998 tukazidi tena, akaongeza kipande cha mbao ya musizi, maana mshahara wa sajini haukufika kwenye mbao nyingine. Mwishowe tulikuwa kumi na mmoja, tumetoka Arua, Gulu, Masaka, tunaelewana kwa Kiswahili chake cha jeshini. Hakuna aliyekula posho, yaani ugali, na maharage yake jikoni au kwa zamu. Hilo hakulilegeza hata siku moja.

Mvule uko salama kabisa. Mchwa huukwepa. Kazi yake ni kwenye randa: wiki ya tatu nilikuwa nalainisha upande wa mbele, chuma kikalia kri! nikasimama. Mvule huwa na mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mbao zenyewe, na ukiligonga moja tu makali yamekwisha. Nilikaa na kinoo saa nzima, nikijaribu makali kwa kunyoa malaika wa mkononi kama alivyokuwa akifanya yeye.

Randa hiyo ni yake. Vikosi vya Uganda vilipoanza kwenda Mogadishu Machi 2007, chini ya Umoja wa Afrika, naye aliondoka. Aliporudi, malipo ya safari ile yalilipa karo ya watatu wetu. Kwa ajili yake mwenyewe alinunua kitu kimoja: randa hii. Mpini wake umechakaa mahali dole gumba lake lilipokaa, na langu sasa linaingia palepale.

Kipande cha musizi ndicho kilichoniumiza kichwa. Ni mbao nyepesi, mti wake hukua haraka, na wadudu wanaupenda. Pembe moja ilikuwa imebunguliwa hadi ukiibonyeza inatoa unga. Ndugu zangu wawili walinipigia simu wakitaka nikitoe chote niweke mvule, meza iwe ya mbao moja. Nimekataa. Juu ya musizi huo kuna alama ya pasi ya mkaa, pale dada yetu mkubwa alipoisahau akinyoosha sare yake ya kwanza ya sekondari. Mzee aliiona, akaichukua ile sare, akamalizia kuinyoosha mwenyewe. Kwa hiyo nimekata sentimita 40 zilizooza tu, nikapachika musizi mwingine niliokuwa nimeukausha kwa mwaka mzima, na sehemu iliyobaki nimeipaka dawa mara mbili. Kiungo kinaonekana, na sitakificha kwa rangi.

Sasa kosa langu la wiki hii. Nilipoisimamisha meza kwenye sakafu ya karakana ilicheza. Nikapima miguu, nikakuta mmoja wa nyuma umezidi kwa sentimita moja na nusu. Nikashangaa, Mzee hakuwa mtu wa kukosea vipimo, lakini nikachukua msumeno nikaukata. Jana nilikwenda Bombo kupima nafasi kabla ya kuirudisha. Sebuleni, kona ya dirishani, saruji imedidimia. Nilipiga magoti nikaweka pimamaji: sentimita moja na nusu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Pale ulikuwa unakaa wewe. Uji wako ulikuwa unamwagika."

Kile kipande nilichokata nimekiokota kwenye maranda. Kesho nakirudisha kwa gundi na kijiti cha mvule katikati, kisha mafuta, kisha tunaibeba.