Paka, konokono na kiti cha babu: haiku za nyumbani kwetu

Mi haiku, lile shairi fupi la Kijapani, naipenda kwa sababu haikupi nafasi ya kujieleza. Mizani (yaani silabi) 17 tu, tano, saba, tano, basi. Ukikumbuka kwamba mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), utaona haiku nzima imeuzidi mshororo huo kwa mzani mmoja tu!! Na humo ndani inabidi uingize paka, shati na baba.

Paka kalala
kwenye shati la baba;
pasi yapoa.

Hii imetoka kwa dada yangu na naipenda kupita kiasi. Hajasema baba amekasirika wala amecheka, hajasema paka anapendwa, ila pasi inapoa, na hapo hapo unajua ndani ya ile nyumba nani ana mamlaka.

Watu wengi wakianza kuandika kuhusu wanyama wanakimbilia sifa. Mfano mtu ataandika "Mbwa rafiki / anampenda babu / mno jamani". Mizani imetimia kabisa, tano saba tano, lakini hakuna cha kuona pale, ameshatuambia hitimisho lake yeye na sisi tumebaki tunaitikia tu. Sasa babu alipolazwa hospitali tukaandika hivi:

Kiti cha babu;
mbwa kalala chini,
manyunyu nje.

Hakuna neno "kupenda", hakuna "huzuni", hata hatujasema babu hayupo. Mama aliisoma akanyamaza muda mrefu halafu akaomba aandikiwe kwenye karatasi ampelekee mgonjwa wodini.

Kwenye kuhesabu, Kiswahili kimetusaidia sana maana silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, mtoto mdogo anaweza kuhesabu kwa vidole. Ila angalia maneno mafupi: "mbwa" ni mizani miwili, m-bwa, na "nje" vilevile, n-je. Lakini "mbuzi" nayo ni miwili, mbu-zi, kwa sababu pale m haisimami peke yake. Tumegombana sana mezani kuhusu hili na naona ugomvi mzuri kabisa, maana ndo unavyojifunza kuisikia lugha yako mwenyewe.

Halafu kuna suala la msimu. Wajapani kwa desturi huweka kwenye haiku neno linaloashiria msimu, wanaliita kigo, na wanyama wengi wenyewe ni kigo tayari: chura ni masika ya kwao yale ya maua, nyenze ni kiangazi, kereng'ende ni msimu wa majani kupukutika. Ndo maana mshairi wao Bashō na chura wake wa mwaka 1686 hakuhitaji kutaja mwezi, chura kashautaja. Kitu cha pili ni mkato, ile sehemu shairi linapokatika na picha mbili zinabaki zinatazamana. Sisi tunatumia nukta mkato au mstari mpya tu. Kuna watakaosema haiku za mambo ya familia bila msimu ziitwe senryu, na wana hoja, lakini mi sioni sababu ya kumfukuza mtu mezani kwa hilo.

Mshairi wa haiku wa kwangu mimi ni Mjapani Issa, aliyeishi 1763 hadi 1828. Aliandika kuhusu konokono, viroboto, nzi, shomoro, viumbe ambavyo wengine wanavipiga kandambili, na kuandika kwake si kwa kuigiza huruma. Mama yake alimfia akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1819 binti yake mchanga alifariki kwa ndui. Mtu aliyepitia hayo akimwangalia nzi na kuona kiumbe kinachoomba kisipigwe, mi namwamini. Mdogo wangu alipoleta hii, nilimkumbuka Issa:

Honi ya gari;
mtoto kachutama
na konokono.

Kuhusu kushirikishana, nakushauri ujaribu utaratibu wa kukai, yaani kikao cha kusomeana haiku, wa hukohuko Japani. Kila mtu anaandika bila jina, karatasi zinachanganywa, mtu mmoja anazinakili zote ili mwandiko usimtambulishe mwenyewe, kisha kila mmoja anachagua anayoipenda na kusema kwa nini, na majina yanatajwa mwisho kabisa. Kwenye familia hii ina nguvu sana jamani, kwa sababu mkubwa hawezi kusifiwa kwa ukubwa wake na mtoto hasifiwi kwa kuonewa huruma. Ile ya konokono sote tulidhani ni ya baba, baba mwenyewe ndo aliichagua ya kwanza, na mwandishi wake alipojitaja alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Kwenye grupu la familia la WhatsApp inawezekana pia, mnamtumia mtu mmoja pembeni halafu yeye anaziweka zote kwa mkupuo, ila sauti ya mtu anayesoma haiku mara mbili taratibu mbele yenu ni kitu kingine.

Bibi haandiki, anatamka na mi nahesabu, na akizidisha mzani hakubali nimpunguzie, anatafuta neno lingine mwenyewe hata ikichukua jioni nzima. Mada inayofuata kaichagua yeye: mjusi. Na kashaweka sharti, hakuna ruhusa ya kutumia neno "ukuta".