Waziri wa mita 60

Wiki iliyopita nilivuka Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo kwenda Busisi, nikiwa nimeketi kando ya mpwa wangu aliyekuwa akiendesha, na kabla sijamaliza kumsimulia habari za foleni ya pantoni, za MV Misungwi na MV Sengerema, na za wagonjwa waliokesha ng'ambo wakingoja kivuko cha alfajiri, tulikuwa tumekwishafika upande wa pili. Akaniuliza, "Mjomba, huyu mzee kabla ya urais alikuwa waziri wa barabara au wa samaki?" Nilimjibu kwamba alikuwa vyote viwili. Jibu hilo halikunitosha mwenyewe, kwa sababu nilitumikia idara ya uvuvi katika mialo, yaani vituo vya kupokelea samaki, ya Ziwa Victoria hili kwa zaidi ya miaka 20, na kazi ya mtu yule niliitazama kutoka chini kabisa, mahali ambapo amri ya waziri hugeuka kuwa afisa mmoja mwenye rula mkononi akipima tundu la wavu.

John Pombe Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, akasoma kwa muda Lake Sekondari hapa Mwanza, akafundisha Sengerema Sekondari, kisha akawa mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza hadi alipochaguliwa kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki mwaka 1995. Mwaka huohuo aliteuliwa naibu waziri wa Ujenzi, na mwaka 2000, ambao ndio mwaka TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, ilipoanzishwa, akawa waziri kamili. Baadaye alipelekwa Ardhi, mwaka 2008 akapewa Mifugo na Uvuvi, na mwaka 2010 akarudishwa Ujenzi alikokaa hadi alipogombea urais. Wengi hukumbuka jinsi alivyokuwa akitaja bungeni kilomita za barabara kwa kichwa, moja baada ya nyingine. Mimi hukumbuka zaidi kemia yake. Shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 2009, akiwa waziri wetu wa Uvuvi, kwa utafiti wa namna mafuta ya maganda ya korosho yanavyoweza kukinga chuma kisiliwe na kutu. Naamini hapo ndipo ilipotoka tabia yake ya kutaka kila jambo liwe na kipimo, na kipimo kikishawekwa kisibishiwe.

Katika Ujenzi tabia hiyo ilipata mahali pake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, yaani mita 60 kwa jumla, na aliporudi wizarani aliisimamia bila kupepesa macho. Nyumba zilichorwa alama ya X, nyekundu kwa waliojenga ndani ya mpaka wa zamani, ambao hawakuwa na haki ya kulipwa, na kijani kwa waliofuatwa na mpaka mpya, ambao walistahili fidia. Nimeona watu wakilia mbele ya kuta zao, na sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo dogo. Hata hivyo, lazima nikiri kwamba barabara ilikubali kipimo chake: jiwe la mpaka likishasimikwa hubaki palepale, na mkandarasi akija baada ya miaka 10 analikuta. Ndivyo ilivyokuwa na mizani pia. Mwaka 2013 alitaka kuufuta msamaha wa asilimia 5 uliokuwa ukitolewa kwa malori yaliyozidisha uzito, wasafirishaji wakagoma, na Waziri Mkuu Pinda akaisitisha amri hiyo. Nilikuwa upande wa Magufuli katika jambo hilo na bado niko, kwa kuwa lami haijui msamaha.

Uvuvi ulikuwa kazi nyingine. Watanzania wengi wanaujua uwaziri wake huko kwa tukio moja la Machi 2009, pale meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa katika eneo letu la bahari kuu ikiwa na shehena ya jodari, na nyama ile ikagawiwa bure hadi watu wakaita "samaki wa Magufuli". Nilijivunia kuwa mtumishi wa wizara hiyo. Miaka ilipopita, hukumu iliyotolewa katika kesi ile ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani, nami nikajifunza kwamba samaki hulindwa kwanza katika jalada la mashtaka, kabla ya kulindwa majini.

Huku ziwani tulipewa rula ileile ya barabarani. Sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi kwa sababu hajakua, na wa zaidi ya sentimeta 85 wakati huo hakuruhusiwa kwa sababu ndiye mzazi. Kokoro, wavu unaokokotwa na kuzoa hata samaki wachanga, ni haramu, na timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, ni haramu. Vipimo hivyo vilikuwa sahihi na nitavitetea popote. Lakini mvuvi wa mwalo wetu mara nyingi si mwenye mtumbwi. Mtumbwi, injini na wavu ni vya tajiri, na mvuvi hulipa kwa samaki. Wavu ukichomwa, deni linabaki na tena linakua. Siku moja tulichoma rundo la makokoro katika mwalo mmoja upande wa Sengerema, moshi ukaonekana hadi ng'ambo, tukaandika taarifa yenye idadi nzuri. Wiki 3 baadaye niliukuta mtumbwi uleule, na vijana walewale, wakivuta kokoro jipya usiku, na yule mkubwa wao akaniambia bila hasira kwamba hilo la sasa linamdai mara mbili. Nilikuwa na rula ya kupima tundu la wavu, sikuwa na chochote cha kupima deni. Mwaka 2018, Magufuli akiwa rais, ilipokuja Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu, na mioto mikubwa kuliko ile yetu, nilimkumbuka kijana huyo.

Sitasema mengi juu ya urais wake, maana wengine wamesema. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na miaka hiyohiyo bwawa la Rufiji la megawati 2,115 likaanza kujengwa ndani ya pori la akiba la Selous ijapokuwa UNESCO ilipinga. Kwangu ni mtu yuleyule: alipenda mpaka unaochorwa, na penye mgongano kati ya mtambo na pori alichagua mtambo. Desemba 2019 aliweka jiwe la msingi la daraja hili la kilomita 3, akafariki Machi 2021, na Rais Samia akalifungua Juni 19, 2025.

Kuna mita 60 nyingine ambazo mpwa wangu hakuwa amezisikia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, umbali uleule wa hifadhi ya barabara. Tofauti ni kwamba barabara haisogei. Ziwa lilipanda mwaka 2020, likapanda tena mwaka 2024, likameza vibanda, miti na mashamba ya watu ambao siku wanajenga walikuwa wameitii sheria, na afisa anayekuja na futi kamba leo hupima kutoka mahali ambapo jana palikuwa nchi kavu. Tuliegesha gari Busisi, tukateremka hadi karibu na gati la zamani la pantoni, nikamwonyesha kigingi cha zege tulichokuwa tukianzia kupima nilipokuwa kazini. Kilikuwa ndani ya maji, kimebaki kichwa tu. Nilihesabu hatua kutoka ukingo wa sasa hadi kichanja cha kwanza cha kuanikia dagaa, zilikuwa 19.