Ile jumamosi ya pizza za staili tatu

Mdogo wangu wa kiume ndo alianzisha. Alikuwa anakuja na wanawe kukaa kwangu wikiendi, akanipigia simu, dada tupikie pizza basi, nikamuuliza pizza ipi, akasema kwani ziko ngapi, si mkate wenye chizi juu? Hapo nikaamua akija atakula tatu siku moja, ya Napoli kule Italia, na ya New York na ya Detroit za Marekani, na zote nitazikanda mwenyewe kutoka mfuko mmoja wa unga wa ngano.

Unga nilikanda alhamisi usiku, hamira kidogo sana, nikausukumia kwenye friji ulale huko, maana unga uliolala kwenye baridi siku mbili unapata ladha ambayo huipati hata uongeze vitu gani juu. Wa Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira basi, maji gramu 62 kwa kila 100 za unga. Wa New York nikaongeza mafuta ya zaituni na sukari kidogo ili ushike rangi, kwa sababu ile inakaa kwenye moto muda mrefu zaidi. Wa Detroit maji 72, na huo haukandiki bana, unanata mpaka kwenye kucha, unalowesha mikono unauvuta na kuukunja, unauacha upumzike, unarudia, na taratibu unauona unakaza wenyewe.

Jumamosi nikaanza na ya Napoli kwa sababu ndo ngumu zaidi nyumbani. Wenyewe wanaipika kwenye tanuri la kuni lenye digrii 430 mpaka 480, sekunde 60 hadi 90 imeiva, na oveni yangu mwisho wake ni 250. Kwahiyo niliweka bamba zito la chuma rafu ya juu likapata moto saa nzima, halafu nikawasha na moto wa juu. Donge sikulisukuma kwa kifimbo cha chapati, hapana, kifimbo kinatoa hewa yote, nililifungua kwa vidole kuanzia katikati kwenda nje nikauacha ukingo bila kuugusa. Watoto walichuchumaa mbele ya kioo cha oveni. Ukingo ukaanza kuvimba, ukatoa mapovu, mapovu yakashika madoa meusi, yule mdogo akapiga kelele shangazi inapumua!

Ya New York haikunisumbua, chizi ya mozarela kavu ya kukwaruza, nyanya ya kusaga, kipande kipana unakikunja katikati unakula umesimama. Mdogo wangu alikula hivyohivyo akisema hii ndo anayoijua.

Sasa ya Detroit. Hii ilianza 1946 kwa Gus Guerra, mwenye baa hukohuko Detroit, na trei zake zilikuwa zile za chuma za mstatili walizokuwa wanawekea vipuri vidogo kwenye viwanda vya magari vya mji huo. Nilipaka trei mafuta mengi, nikautandaza unga mpaka kona, nikauacha uumuke tena humohumo, chizi nikaikata vipande vidogo nikaimwaga yote mpaka ikagusa kuta za trei, halafu ndo sosi nikaichora juu kwa mistari. Mpwa wangu mkubwa akauliza shangazi mbona umeanza na chizi, nikamwambia subiri uone. Ile chizi ya pembeni inayeyuka inashuka kati ya unga na chuma, inakaangika humo, ikitoka ni ukuta wa kahawia unaovunjika ukiuma, na ndani mkate ni laini wenye matundu makubwa.

Mdogo wangu alishika kipande cha Napoli mkono huu na cha Detroit mkono huu, akaviangalia, akauliza kweli unga ni mmoja? Nikamwonyesha mfuko. Nikamwambia kilichobadilika ni maji, moto na chombo, na kwa oveni ya nyumbani mimi namshauri mtu aanze na Detroit, digrii 250 zinaitosha kabisa wakati ya Napoli unapambana nayo.

Kona zote nne ziligombaniwa. Kabla ya kulala mdogo wangu alinifuata jikoni na simu nimtajie gramu aandike, akauliza ana trei ya kioo kwake itafaa? Nikamwambia tafuta ya chuma, ile ya kioo inachelewa kupata moto na chini mkate utabaki laini.