Hata Chandarua ni Hewa Tupu: Nilivyojifunza Kucheza Gofu Katikati ya Miti

Mpira ulikuwa umelala juu ya majani makavu, hatua mbili nyuma ya muhuhu mkubwa. Mbele yangu kulikuwa na upenyo kati ya mashina mawili, upana wake kama mlango wa choo cha nje, na ng'ambo ya upenyo ule niliiona bendera ikipepea. Nikachomoa aini 5, moja ya zile fimbo za chuma. Kedi wangu, mzee wa miaka sitini na ushei aliyeanza kubeba mikoba ya fimbo angali mvulana, aliinua mkono kama anayetaka kusema neno, kisha akaushusha. Nikapiga. Ulisikika mlio wa nyundo kwenye mlango, na mpira ukapita karibu na sikio langu ukirudi tulikotoka, ukazama msituni zaidi.

Shimo lile la pa 4, yaani ambalo mchezaji hodari hulimaliza kwa mikwaju minne, nililimaliza kwa mikwaju tisa. Tukielekea shimo lililofuata nikajitetea kwa ule msemo wa wachezaji gofu, kwamba miti ni hewa tupu kwa asilimia 90.

Mzee hakusimama. "Hata chandarua ni hewa tupu," akasema. "Mbu anapita?"

Mimi gofu nimejifunzia Mombasa, kwenye ule uwanja wa mashimo tisa ulio juu ya mwamba kando ya barabara ya Mama Ngina. Pale adui ni upepo. Kusi ikikaza, mpira unaopaa juu haurudi tena ulikotaka uende, kwa hiyo sote tulijizoeza kupiga chini chini, mpira utambae. Nilikuja Nairobi kikazi nikijiona fundi. Mji huu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali. Mwezi wa kwanza mzee alikuwa akinipokonya aini 7 mkononi na kunipa 8, ya umbali mfupi zaidi, nami nikidhani ananionyesha nani mwenyeji. Baadaye nikaelewa, na nikafurahi mno. Nilichosahau ni kwamba mpira unaokwenda mbali ukielekea kombo nao unafika mbali zaidi huko kombo. Mombasa ungeukuta kwenye majani. Nairobi unaukuta kwenye mizizi.

Uwanja ninaochezea sitautaja, maana mengi humu ni aibu zangu na sipendi kamati izisome. Ni mmojawapo wa vile viwanja vya Nairobi vilivyopasuliwa ndani ya mabaki ya msitu: mihuhu, mikinduri, mijakaranda, na mikaratusi iliyopandwa zamani. Wenye kuujua mji watavikumbuka vya namna hiyo. Muthaiga kuna msitu wa Karura jirani. Uwanja wa Karen ulifunguliwa mwaka 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen, na mwaka 2019, mashindano ya wazi ya Kenya yalipoingia kwa mara ya kwanza kwenye ratiba kuu ya Ulaya, nilikwenda pale kama mtazamaji. Nilitarajia kuona watu wakiitandika draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote. Shimo baada ya shimo niliwaona wakiiacha mkobani na kutoa aini. Wakati ule nilidhani ni woga wa fedha nyingi.

Kilichoanza kunibadilisha ni daftari. Baada ya ile tisa, raundi nane mfululizo niliandika kila mkwaju nilioupoteza mitini na sababu yake. Hesabu ilipokamilika nilikuwa na mikwaju 31. Nikaigawa mafungu mawili: ile iliyopotea kwa sababu mpira uliingia msituni, na ile iliyopotea kwa sababu nilijaribu kuutoa kishujaa. Fungu la kwanza lilikuwa na tisa tu. Yaani mkwaju wangu mbovu wa kwanza ulikuwa na gharama ya kawaida, kama nauli. Ni ule wa pili, wa kuchungulia upenyo na kuona bendera, uliokuwa ukinifilisi.

Nilimwonyesha mzee lile daftari. Alilisoma polepole, akanirudishia. "Njoo Jumatatu jioni," akasema. "Usibebe fimbo."

Jumatatu ile tuliutembea uwanja kinyumenyume, kuanzia grini ya 18, pale penye nyasi laini, shimo na bendera, kurudi kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia kupiga. Kama una uwanja wenye miti karibu nawe na hujawahi kufanya hivyo, basi hujauona. Ukisimama kwenye tii, miti inakuonyesha ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto, nawe unaona njia pana ya kutosha. Ukisimama kwenye grini na kutazama nyuma, unaona madirisha. Na madirisha ni machache.

Lipo shimo moja nalikumbuka kuliko mengine, pa 4 ya yadi 380 hivi, linalopinda kushoto. Kwenye kona kuna mugumo mkubwa ajabu. Mwaka mzima nilikuwa nikipiga draiva kuukaribia ule mugumo, nikate kona, nibakiwe na umbali mfupi. Mara nyingi nilifaulu, mpira ukalala kwenye nyasi fupi upande wa kushoto, tena nikajipongeza. Kisha mkwaju wa pili ukagonga tawi. Nililaumu bahati. Jioni ile mzee alinisimamisha mbele ya grini, akaninyooshea kidole. Kutoka pale, nusu yote ya kushoto ya feawe, ile njia ya nyasi fupi, ilikuwa imefunikwa na tawi moja refu la mugumo, limelala sambamba na ardhi kama mkono wa askari wa barabarani. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe, mbingu tupu. Mugumo ule haukuwa ukilinda kona. Ulikuwa ukilinda grini. Aliyeuchora uwanja alipitisha njia pembeni ya mti akauacha ufanye kazi. Wala hakuchimba banka, shimo la mchanga, hata moja kwenye shimo lile.

Tangu hapo kila shimo nalisoma kwa swali moja: dirisha la kuingilia kwenye grini liko wapi, na nisimame wapi ili nilione? Jibu likishapatikana, fimbo ya tii inajichagua yenyewe. Pale kwa mugumo sasa napiga haibridi, fimbo ya umbali mfupi kuliko draiva, naelekeza kulia, nabakiwa na yadi nyingi zaidi ya zamani na mbingu wazi. Mzee aliongeza jambo dogo ambalo sikulijua kwa miaka yote hiyo: kama hatari iko kulia, chomeka mpira upande wa kulia kabisa wa tii, upige kuelekea kushoto. Watu wengi, nami nikiwamo, husogea mbali na hatari wakati wa kuchomeka mpira, halafu mstari wao wenyewe unawarudisha kule kule.

Sasa niseme habari ya nyasi, kwa sababu hapa ndipo ufundi wangu wa pwani uliponiangusha. Nyasi za nyanda hizi ni za kikuyu, asili yake hapa hapa kwenye milima ya Afrika Mashariki, ingawa zimesambaa duniani hadi kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambako mabingwa huja kuzilalamikia kila mwaka. Ni nene, zina vikonyo vinavyotambaa na kusukana kama mkeka. Kwenye feawe zinaubeba mpira vizuri, kama umeuweka juu ya brashi. Kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, zinashika shingo ya fimbo, uso wa fimbo unajifunga, na mpira unakwenda kushoto kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia. Lakini ubaya wake mkubwa kwangu ulikuwa huu: haziruhusu mpira kutambaa. Chini ya miti, penye kivuli, ardhi ni tupu, udongo na majani makavu, na mkwaju wa chini chini wa Mombasa unatoka safi kabisa. Unapita chini ya matawi, unanyooka, unapendeza. Kisha unatua kwenye kikuyu na kufa hapo hapo. Mombasa ungeniviringikia hadi mbele ya grini. Hapa ulikuwa unaniacha kwenye rafu, bado nyuma ya matawi, na sasa nyasi zimeshika fimbo.

Kwa hiyo nikabadilisha namna ya kutoka. Siulizi tena nitafika mbali kiasi gani. Nauliza nitatua wapi, na je, pale ninapotua ni nyasi fupi na dirisha liko wazi? Mara nyingi jibu liko ubavuni, digrii tisini kutoka kwenye bendera, au hata nyuma kidogo. Mzee ana maswali yake mawili ambayo hunitupia kila nikishika fimbo ndefu msituni. La kwanza: "Ukipiga mara kumi, ngapi zitapita?" Nikijibu nne, anauliza la pili: "Na zile sita zitakwenda wapi?" Sijawahi kuwa na jibu zuri la swali la pili.

Kuna na sheria, ambazo msituni zinakufaa kuliko fimbo. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano tena, na dakika tatu chini ya mikinduri ni kitu kidogo mno. Matunda yake makavu, magumu, ya rangi ya udongo, yanakaribia ukubwa wa mpira uliochafuka. Nimeshainama mara nyingi nikaokota tunda. Basi ukihisi mpira umepotea, tangaza na upige wa akiba kabla hujaondoka kwenye tii. Majani na vijiti vilivyoanguka unaruhusiwa kuviondoa, ila mpira ukihama kwa sababu yako unajiongezea mkwaju mmoja. Tawi lililo hai usilivunje upate nafasi ya kuzungusha fimbo, hiyo ni mikwaju miwili. Na kama mpira umebanwa na mizizi, kubali kwamba hauchezeki: mkwaju mmoja wa adhabu, unaudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili, usikaribie shimo. Kwa miaka mingi niliona hiyo ni sheria ya wanyonge. Daftari liliniambia vingine.

Na kima? Kima wapo. Mara moja mmoja alishuka mbele ya macho yetu wanne, akauchukua mpira wa mwenzangu katikati ya feawe, akaunusa, akapanda nao mtini. Mwenzangu alitaka mpira uhesabiwe kuwa umepotea. La hasha: mnyama akihamisha mpira uliosimama, na mmemwona, unaweka mwingine pale ulipokuwa bila adhabu.

Watu wakisikia uwanja wa msituni hudhani asili ndiyo iliyofanya kila kitu. Ukitembea na mzee unajua kuna mkono wa mtu. Mti unakua, tawi linashuka, dirisha lililokuwapo miaka ishirini iliyopita leo limezibwa. Grini iliyo kivulini asubuhi inabaki na umande upande mmoja, mpira unakwenda pole huku na haraka kule. Kwa hiyo kila kamati ya uwanja wa miti ina ugomvi wake wa msumeno. Rais Eisenhower wa Marekani aliuchukia msonobari mmoja kwenye shimo la 17 la klabu ya Augusta, kwa jinsi ulivyokuwa ukimdaka mipira, na mwaka 1956 akapendekeza kwenye mkutano wa klabu ukatwe. Mwenyekiti akaahirisha mkutano. Mti ukaendelea kusimama hadi dhoruba ya barafu ya Februari 2014 ilipouvunja. Klabu ya Oakmont, huko Pennsylvania, wao walifanya kinyume, wakakata maelfu ya miti ili uwanja urudi ulivyokuwa mwanzo. Kwetu mikaratusi inaondolewa kidogo kidogo, na mimi sina kinyongo nayo kuondoka, maana inakunywa maji na kumwaga magome kila mahali. Lakini mugumo wa kona wakiugusa nitakwenda kwenye mkutano mkuu nipige kelele.

Handikapu yangu, ile mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji na ambayo hupungua kadiri anavyokuwa hodari, ilikuwa 22 wakati wa ile tisa. Baada ya mwaka mmoja na miezi kidogo ilikuwa 17, na sikuwa nimenunua fimbo mpya wala kuongeza hata yadi moja. Shida yangu sasa ni kusukuma mpira shimoni, na hilo mzee anasema halina dawa kwa umri wangu.

Mwezi uliopita, kwenye mashindano ya klabu, nilirudi pale pale. Shimo lile la mikwaju tisa, nyuma ya muhuhu ule ule, majani makavu yale yale, upenyo uko, bendera inapepea. Mzee alinyamaza. Nikachukua aini 9, nikageukia ubavuni, nikausukuma mpira hatua ishirini hadi kwenye nyasi fupi. Nikapiga wa tatu kwenye grini, nikatumia miwili kuumalizia. Tano.

Mwenzangu wa raundi, kijana mwenye mabega, mpira wake ulikuwa umefuata njia ya wangu, karibu hatua tatu kutoka pale nilipokuwa. Alichungulia upenyo, akachomoa aini 5, akapiga. Mpira ulipita katikati ya mashina bila kugusa jani, ukaruka kikuyu yote, ukatua kwenye grini na kusimama futi sita kutoka kwenye shimo. Tulipiga makofi. Nilimgeukia mzee, naye alikuwa anafuta fimbo yangu kwa taulo, anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

Kijana alilimaliza shimo kwa mikwaju mitatu. Tulikuwa tumewekeana dau la soda, nikalipa.