Mlango ambao polisi hawakuufunga

Juzi nimekesha. Nilikuwa na harusi ya kuediti, ya watu wa Usa River, nikasema ngoja nipumzike kidogo nikafungua ile dokumentari ya 1971, The Murder of Fred Hampton, nikaishia kuiangalia mara mbili na harusi ya watu iko pale pale haijaguswa.

Sisi wa kamera tunajua, kazi inaweza ikakubadilikia mkononi. Howard Alk na Mike Gray pale Chicago hawakuanza na filamu ya mauaji, walikuwa wanamfuata tu kijana wa miaka 21, Fred Hampton, kiongozi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha harakati cha Wamarekani weusi, na huyo dogo anaongea bwana, anahutubia mpaka unasahau kwamba picha ni za nyeusi na nyeupe. Halafu tarehe 4 Desemba 1969, saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, polisi 14 wakavamia alipokuwa anaishi, West Monroe, wakamuua Fred kitandani kwake, mchumba wake mjamzito alikuwa humo humo akanusurika, mwenzao Mark Clark naye akafa. Mwendesha mashtaka Hanrahan akatokea kwa waandishi akasema Panther ndio walioanza kupiga risasi.

Sasa polisi wakaondoka bila kuifunga nyumba. Wakina Gray wakaingia na kamera, wakashuti kuta, mlango, godoro lenye damu, na kamera haina haraka, inatembea tu ukutani. Gazeti moja likatoa picha za matundu eti ya risasi za Panther, kumbe vichwa vya misumari! Nilicheka halafu nikaona aibu kucheka. Uchunguzi wa serikali kuu ulikuta polisi walipiga zaidi ya risasi 80, upande wa pili ilitoka moja. Fidia kwa familia na walionusurika, dola milioni 1.85, ilikuja kukubaliwa 1982.

Nyingine niliyoiangalia zamani ni A Panther in Africa ya 2004, ya mzee Pete O'Neal wa Kansas City aliyekimbia Marekani kwa kesi ya bunduki, akapitia Algeria, akafika Tanzania 1972 na mke wake Charlotte, ndio Mama C huyo. Wakajenga kijijini Imbaseni, karibu na Arusha. Imbaseni yetu hii! Nimepita pale na pikipiki mara ngapi sijui nikiwahi sendofu za watu, kumbe kuna historia nzima nyuma ya miti.

Ila kilichoninyima usingizi sio Chicago wala Imbaseni. Mwaka jana nilishuti sendofu moja, babu wa bibi harusi akashika maiki akaongea kama dakika ishirini, habari za ujamaa, za kijiji chao, mpaka MC anamfanyia ishara akae. Kwenye video nikamwachia sekunde arobaini. Baada ya miezi miwili nikafuta zote, kadi ilikuwa imejaa. Mwezi wa tatu babu akafariki, wakanipigia wakaomba ile hotuba yote, nikasema kompyuta iliharibika.

Nimeitafuta tena leo, kwenye diski ya zamani, kwenye simu, hata kwenye ile flashi ya dada. Hamna. Na huyu bibi harusi wa Usa River kashapiga simu mara mbili.